Rangi ya Landrova ya Mzee Akonaay

Jumanne, 8 Julai 2025

Posa imepelekwa. Hatimaye! Baba mdogo Ezekiel, mshenga wangu, amefika kwa Mzee Akonaay akiwa na asali, na maneno mengi kuliko asali. Ameambiwa jibu litatolewa Jumapili baada ya misa. Jumapili! Ama nimwoe Marieta, ama nizeekee katika nyumba hii ya marehemu wazazi pamoja na dada yangu Bernadina, tukigombania redio.

Tatizo ni Felician. Naye amepeleka mshenga. Felician ana duka la dawa za mifugo hapa Endasak barabarani, ana pikipiki, ana viatu vinavyong'aa hata siku za vumbi. Akili hana. Darasani alikuwa ananakili kwangu, ndiyo maana sote wawili tulifeli hesabu.

Mimi nina mpango. Zamani Mzee Akonaay alikuwa dereva wa padri mzungu. Padri huyo alikuwa na mchezo wa kuunganisha vigari vya plastiki kwa gundi, mtu mzima na ndevu zake. Alipoondoka alimwachia Mzee kimoja: Landrova, mfano kamili wa ile waliyokuwa wanaiendesha, mpaka vitasa vya milango. Iko kabatini juu ya kitambaa cha kufuma, kati ya chupa ya chai na picha ya arusi. Mzee haruhusu mtu kuigusa. Bahati mbaya aliipaka rangi yeye mwenyewe. Rangi ya mafuta, ya mlango! Kijani, nzito kama uji. Imefunika taa, imefunika vitasa. Ukiitazama unaona kipande cha sabuni chenye magurudumu.

Nitaibandua rangi hiyo yote, nipake mpya, nimrudishie Mzee Jumapili mbele ya watu. Felician atapeleka nini? Dawa ya minyoo?

Jioni nilikwenda kwa Mzee. Shikamoo nyingi. Nikamweleza. Aliuliza kama itarudi. Nikasema itarudi. Akauliza tena. Nikasema itarudi ikiwa kama siku Padri alipoimaliza. Aliifunga mwenyewe kwenye kitenge, polepole, akanipa kwa mikono miwili. Wazee hawajui kukataa mtu akiwa amekaa kwenye kiti chao.

Marieta alinisindikiza hadi nje. Alisema baba yake angefurahi sana kama ningeifuta vumbi tu. Nilicheka kwa upole. Ni mwalimu mzuri, lakini mambo ya ufundi ni mambo ya ufundi.

Jumatano, 9 Julai

Nimetazama video kwenye simu. Mzungu mmoja, anaongea haraka kama amebanwa haja. Nilichoelewa: kabla ya kupaka rangi mpya lazima utoe ya zamani, na plastiki haitaki petroli wala thina, inayeyuka. Hilo hata mbuzi anajua. Halafu anasema jaribu kwanza sehemu ndogo isiyoonekana, na uwe na subira. Maneno ya mwoga.

Nimeanza na sabuni ya unga na magadi. Magadi ni ya Bernadina, ya kupikia makande. Nimeichemsha Landrova kidogo, nikaisugua kwa mswaki. Mswaki pia wa Bernadina.

Matokeo: rangi imetakata. Inang'aa kuliko mwanzo! Miaka yote ya moshi na vumbi imetoka, kijani kimebaki kimekodoa macho.

Bernadina alisema imependeza, niirudishe hivyo hivyo leo leo. Kisha akauliza mswaki wake uko wapi. Mtu unaishi naye miaka yote na bado haoni ukubwa wa jambo.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata! Nilipita josho asubuhi. Geti la pale lilipakwa rangi mwaka jana kwa sherehe na hotuba. Leo, upande ambao dawa ya kuogeshea ng'ombe huwa inamwagikia, hakuna rangi hata kidogo. Chuma kitupu. Watu wanapita hapo kila wiki na ng'ombe wao na hawaoni. Mimi niliona mara moja, na ng'ombe sina.

Shida ni kwamba dawa ya josho inauzwa na Felician. Nikameza mate, nikaenda. Dukani kulikuwa na watu. Nikamwambia mambo. Akajibu marahaba. Marahaba! Tumezaliwa mwaka mmoja, mvua moja! Watu wakacheka.

Nikaomba dawa ya kupe, chupa. Akauliza kwa sauti ya kanisani ni ya mnyama gani, maana yeye anavyojua kwetu kuna kuku na Bernadina. Watu wakacheka tena. Nilikuwa nimepanga kusema ni ya jirani. Lakini yale meno yake! Nikasema ni ya ng'ombe wangu. Akauliza wako wapi hao ng'ombe. Nikasema wako Hirbadaw.

Kimya. Kimya kitamu sana.

Uzuri wa uongo huu ni kwamba hauna dawa. Huku kwetu mwenye ng'ombe hawaweki wote nyumbani. Anawagawa kwa marafiki, huyu Gitting, huyu Hirbadaw kwa wafugaji Wabarbaig, ili ugonjwa ukija usiwamalize, na majirani wasijue hesabu. Mtu unaweza kumwona ana kaptula moja kumbe ana mali ya kujaza bonde. Nani atabisha? Felician alinifungia chupa kwenye gazeti, na nilipotoka mama mmoja alinisogezea benchi nipite.

Nimechanganya dawa na maji kama maandishi ya chupa yanavyosema. Nimeiloweka Landrova kwenye beseni hadi jioni. Hakikubanduka chochote. Ila haina kupe.

Ijumaa, 11 Julai

Baba mdogo Ezekiel amekuja mapema, amevaa koti. Amekasirika. Anasema mshenga gani anafichwa mali ya bwana arusi, ajisikie mjinga mbele za watu. Amesikia nina ng'ombe wanane. Nikasema mambo ya ng'ombe hayasemwi ovyo. Huo si uongo. Ni kanuni. Akanitazama kwa heshima, mara ya kwanza tangu nipate kipaimara, akasema aliwahi kuhisi. Kisha akaondoka moja kwa moja kwenda kwa Mzee Akonaay kueleza.

Kufikia saa sita ng'ombe walikuwa ishirini. Nimesalimiwa na watu ambao hawajawahi kunisalimia. Mwenyekiti wa kijiji amesimamisha pikipiki kuniuliza maoni yangu kuhusu malisho. Nikampa. Nina maoni mengi kuhusu malisho.

Sasa Landrova. Nimetafakari. Kosa la jana lilikuwa maji. Pale kwenye geti la josho, dawa humwagika ikiwa safi kutoka kwenye chupa, haijachanganywa. Nikamimina dawa yote iliyobaki kwenye beseni, bila tone la maji. Jamani! Rangi ilianza kukunjamana na kuinuka kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Kijani kikaachia. Chini yake nikaona rangi ya Padri, kijivu, na taa, na vitasa vidogo vya milango! Nilipiga kelele. Bernadina alitoka akidhani nimeumwa na nyoka. Akachungulia, akasema harufu hiyo si nzuri na niitoe sasa hivi. Nikamwambia kazi ya kitaalamu haikatishwi katikati.

Nikaiacha iendelee, nikaenda barabarani kidogo kuonekana. Mtu mwenye ng'ombe ishirini lazima aonekane.

Nimerudi. Siwezi kuandika vizuri, mikono inanuka dawa. Paa limeshuka. Boneti limelainika kama ugali wa moto, na nilipoliinua likabaki na alama ya dole gumba langu, wazi kama la kitambulisho. Magurudumu mawili yamegandia kwenye beseni. Landrova imekaa chini kama ng'ombe aliyegoma. Rangi imetoka yote, sikatai. Tatizo ni kwamba chini ya rangi kulikuwa na gari, nalo limetoka.

Chupa ya dawa haikuandikwa popote kwamba haifai kwa plastiki. Felician anauza vitu vya hatari kwa watu wasio na hatia.

Jumamosi, 12 Julai

Janga. Baba mdogo amekuja akitabasamu hadi masikioni. Mzee Akonaay amesikia habari za ng'ombe, ameshangaa sana, na kabla ya kutoa jibu anaomba kuwaona. Kesho, baada ya misa. Atakwenda Hirbadaw yeye mwenyewe na mzee mwenzake. Baba mdogo ameshakubali kwa niaba yangu. Ndiyo kazi ya mshenga, anasema.

Nilitaka kumwambia ukweli. Kweli nilitaka, mdomo ulishafunguka. Lakini alikuwa amepiga pasi suruali.

Nimepanda bodaboda hadi Hirbadaw. Namfahamu Mbarbaig mmoja pale, Gidamis, tulikutana mnadani nilipokuwa na biashara ya miwani ya jua. Ana ng'ombe wengi hadi jua linazama kabla hawajaisha kupita. Nikamwomba kesho nisimame karibu nao tu, wazee fulani wakija kutazama. Nisimame, nishike fimbo, basi. Gidamis alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea fimbo yake. Akasema hakuna mtu aliyewahi kukatazwa kusimama karibu na ng'ombe. Akauliza wazee ni wa wapi. Nikasema wa Endasak. Akasema sawa sawa, basi atanitengea wale wekundu na weupe, ndio wanaofaa. Akacheka peke yake. Watu wa porini hawahitaji sababu ya kucheka.

Nimetengeneza pia Landrova. Nimeinua paa kwa vijiti vya kiberiti, nimeziba boneti kwa sabuni ya kipande, nimepaka rangi ya fedha juu. Kwa mbali, mtu akiwa anatembea haraka, ni gari. Nitamkabidhi Mzee baada ya kuona ng'ombe, akiwa amejaa furaha. Mtu mwenye furaha hachunguzi.

Felician hana habari ya kipigo kinachomjia.

Jumapili, 13 Julai

Naandika haya ili ukweli uwepo mahali, maana kijijini unasemwa vibaya.

Upepo ulikuwa mkali, vumbi. Wamekuja: Mzee Akonaay na koti lake la misa, mzee mwenzake, baba mdogo Ezekiel aliyepiga pasi, na Marieta. Hakuna aliyesema Marieta angekuja! Alisimama nyuma ya baba yake, hakunitazama machoni. Nilidhani ni aibu ya bibi arusi.

Gidamis alikuwa amenitengea ng'ombe kumi hivi, wanene, wekundu wenye mabaka meupe. Nikasimama mbele yao na fimbo. Nikatoa shikamoo zote kwa mpangilio. Nikahutubia. Nilieleza nilivyoanza na ndama mmoja, nilivyojinyima, nilivyoamka alfajiri. Nilikuwa nasikia uchungu mwenyewe kwa jinsi nilivyoteseka. Nikawataja majina: huyu Malkia, huyu Benki, huyu Subira. Baba mdogo alikuwa anafuta macho.

Nilipofika kwa Subira, Subira akanipita. Alinipita kabisa, akanisukuma na bega, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Akonaay na kuingiza pua ndani ya mfuko wa koti lake. Mzee akatoa chumvi mfukoni. Chumvi! Mtu gani anakwenda misa na chumvi mfukoni? Akamlambisha, akamwita kwa jina lake la Kiiraqw, taratibu, kama mtu anavyomwita mjukuu. Wakaja na wengine. Malkia. Benki. Wote wakamzunguka, mimi nikabaki peke yangu na fimbo.

Mzee alimgeukia Gidamis, wakasalimiana salamu ndefu, akauliza yule mtamba aliyekuwa anakohoa anaendeleaje. Gidamis akajibu amepona. Akaongeza kwamba kwake mwenye ng'ombe kutoka Endasak ni Mzee tu, hivyo aliposikia kijana wa Endasak anataka kusimama na ng'ombe mbele ya wazee, alijua ni mkwe ametumwa kutazama mali ya baba mkwe wake, akaona ni vizuri kumtengea wa mzee mwenyewe.

Endasak nzima imeweka ng'ombe kwa watu. Hirbadaw nzima imewekewa. Na mimi nikaenda nikachukua wa Mzee Akonaay! Nikamwonyesha mwenyewe!

Baba mdogo alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake.

Nilisubiri Mzee apaze sauti. Ingekuwa nafuu. Aliuliza kitu kimoja tu, iko wapi gari. Ningesema bado inakauka. Lakini kitenge kilikuwa kinaonekana kwenye mfuko wangu, Marieta alikuwa anakitazama. Nikakitoa. Mzee akakifungua kwa mikono miwili, kama alivyokifunga. Kijiti cha kiberiti kikaanguka. Akapitisha kidole juu ya boneti, kikaingia ndani ya sabuni.

Akaeleza, si kwangu hasa, bali kwa mzee mwenzake, kwamba ile rangi ya kijani ilikuwa imebaki siku alipopaka mlango wa nyumba, wiki aliyokuja mama Marieta akiwa bibi arusi. Mama Marieta ndiye aliyeshika brashi. Mzee alishika gari tu. Mlango ulikwisha kuoza, wakaweka wa bati. Mama naye alikwisha kutangulia. Ikabaki ile.

Akaifunga tena kwenye kitenge, akaiweka kwenye mfuko wenye chumvi, wakaondoka.

Nilijisikia vibaya sana. Nilijisikia vibaya njia nzima, na Hirbadaw si karibu. Kisha nikakumbuka kwamba hakuna aliyeniambia habari za brashi. Mtu akiwa na rangi ya maana namna hiyo, aseme. Kabati halina maandishi.

Jumatatu, 14 Julai

Baba mdogo Ezekiel ameacha ushenga. Amemtuma mtu kuja kuchukua chombo cha asali. Mwenyekiti amepita na pikipiki, hakuhitaji maoni. Mama wa benchi dukani alinitazama, akakaa katikati ya benchi.

Felician amenisalimia yeye kwanza barabarani. Shikamoo! Kwa kuinama! Akauliza ng'ombe wameamkaje.

Jioni Marieta alikuja hadi uani kwetu. Alisimama, hakutaka kukaa. Alisema jibu la Jumapili lilikuwa ndiyo. Ndiyo! Lilikuwa tayari tangu Jumanne ile ile. Mshenga wa Felician alishajibiwa hapana kabla mimi sijashika hiyo Landrova. Baba yake alijua fika kwamba sina ng'ombe hata mmoja, kila mtu anajua, na alisema si neno, Joakimu ni masikini lakini amekaa na dada yake mjane bila kumfukuza, mtu wa namna hiyo atamtunza binti yangu. Aliposikia habari za ng'ombe alikosa usingizi. Alitaka kwenda Hirbadaw ili akute ni uvumi wa watu.

Marieta alilia. Alisema alikuwa ameshachagua kitambaa. Mimi nilitaka kulia pia. Nampenda Marieta. Naandika hapa kwa sababu kumwambia sikuweza. Badala yake nilimweleza kwamba kiufundi rangi ilitoka vizuri sana.

Akaondoka. Bernadina, aliyekuwa anapembua maharage, aliniita jina ambalo sitaliandika.

Jumatano, 16 Julai

Bado kuna mlango! Mzee mwenzake Mzee Akonaay amekuja, kwa hisani yake mwenyewe. Wazee wamekaa. Wamesema kosa langu ni la kinywa, na la kinywa linasafishwa. Nilete kondoo mmoja mweusi, asiye na doa hata moja, wa kwangu mwenyewe, nimpeleke kwa mkono wangu Jumamosi. Nisimame mbele yao niseme ukweli wote kuanzia mwanzo, bila mshenga. Hapo maneno ya posa yanaweza kufunguliwa upya. Alinieleza kwa kuninong'oneza kwamba Marieta mwenyewe ndiye aliyemwomba baba yake aketi na wazee. Ananisubiri. Baada ya yote! Nilishikwa na furaha hadi nikamwitikia mzee wa watu marahaba.

Kondoo ninaye. Mmoja, dume, yuko na wale wa Bernadina waliowekwa kwa jirani. Mweusi mzuri. Ila ana baka jeupe kubwa kiunoni na soksi nyeupe miguu miwili.

Bernadina anasema jambo ni rahisi. Verediana wa Gitting ana kondoo weusi tupu na amekuwa akilitamani dume letu. Niende nalo kesho, tubadilishane, nirudi na mweusi halali, na njiani nifanye mazoezi ya kusema ukweli. Gitting! Kwa miguu, nikivuta kondoo, watu wote wakinitazama. Mawazo ya kijijini haya. Ndiyo maana hatuendelei.

Nimelitafakari suala lote kwa utulivu na nimeona nilipokosea. Nilikosea kuchagua plastiki. Plastiki ni kitu dhaifu, mali ya wazungu, inayeyuka. Kondoo hayeyuki. Tena safari hii hakuna rangi ya zamani ya kubandua, ni kupaka tu, kazi nusu. Katesh wanauza rangi nyeusi ya kupuliza, na macho ya wazee wale ni ya kuokota mchele mezani kwa kupapasa. Ukweli nitausema wote, kama walivyotaka, nikiwa nimeshika kondoo upande ule ambao rangi itakuwa imeshika vizuri.

Naondoka asubuhi kwenda Katesh. Nimemwambia Bernadina nakwenda Gitting. Mwezi wa saba huku hakunyeshi mvua. Yale mawingu juu ya mlima yapo kila siku.